Fiziolojia Imenishinda, na Mama Bado Hajui

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 21, ninasoma udaktari wa binadamu katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, na nimemaliza mwaka wa kwanza. Ninakuandikia nikiwa hosteli. Wenzangu wengi wamekwenda makwao likizo, nami nimebaki kwa kisingizio nilichokitunga mwenyewe, ambacho nitakieleza huko mbele.

Matokeo yalipotoka nilikuta nimefaulu masomo yote isipokuwa fiziolojia, lile somo la jinsi mwili unavyofanya kazi. Anatomia nimepata B, biokemia nimepita kwa C, lakini fiziolojia nimepewa mtihani wa marudio, yaani sapu kama tunavyoiita wenyewe, nitakaoufanya baada ya wiki 7. Nikifeli na huo, kwa kanuni za chuo chetu nitarudia mwaka au nitaondolewa kabisa. Zamani tulikuwa tukitaniana kwenye foleni ya chakula kuhusu nani atadisko, yaani ataondolewa chuoni. Sasa nikilisikia neno hilo ninaondoka kwenye foleni.

Kinachoniumiza ni kwamba sikuwa mvivu. Kidato cha sita nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, nikapata daraja la kwanza, na njia yangu ilikuwa ileile tangu shule ya msingi: ninaandika notisi kwa kalamu za rangi 4, ninazisoma kwa sauti hadi ziingie, kisha ninazifunika na kuziandika upya neno kwa neno. Kwenye anatomia njia hiyo bado inanibeba, kwa sababu mfupa una jina lake na misuli ina mahali ilipojishikiza, na ukishakariri umemaliza. Fiziolojia nayo niliikariri vivyo hivyo. Ninajua kwamba figo huchuja takribani lita 180 kwa siku. Ninajua kwamba pampu iliyo kwenye utando wa seli hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Fomula ya kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika ninaweza kuiandika hata ukiniamsha usingizini. Lakini mtihani hauulizi hivyo.

Katika mtihani wa mdomo mwalimu aliniuliza: mtu amepata ajali, amepoteza lita 1 ya damu, je, mapigo yake ya moyo yatakuwaje, na kwa nini? Nilijibu kwamba yataongezeka. Akaitikia kwa kichwa, akasubiri. Nikamtajia ile fomula. Akaniuliza tena, kwa nini? Nikamtajia fasili ya shinikizo la damu, nzima, bila kukosea hata neno. Akauliza kwa mara ya tatu, safari hii kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, maana niliona kwamba anataka nifaulu nami sina cha kumpa. Nilibaki nikiitazama kalamu yake mpaka akaniambia niende.

Kuna na suala la lugha. Mihadhara ni ya Kiingereza, ukumbi mmoja una wanafunzi zaidi ya 200, na mwalimu anaweza kupitisha slaidi 90 kwa saa 2. Ninapoanza kuelewa jambo, akili yangu hulieleza kwa Kiswahili, nami huikatiza haraka, kwa sababu ninahisi kama ninadanganya, kama vile nimeingia ukumbini na karatasi ya majibu mfukoni.

Mama yangu ni muuguzi mkunga katika zahanati ya kijiji mkoani Singida. Sehemu ya ada yangu inalipwa kwa mkopo wa Bodi, na iliyobaki mama huikopa vikoba. Likizo iliyopita nilimsaidia zahanati, na wagonjwa walikuwa wakiniita daktari naye hakuwasahihisha. Kila mama aliyejifungua alimshika kwanza mkono, kabla hata ya kumfunga mashine ya presha, na nilipomuuliza alisema tu kwamba mkono hauna uongo. Sasa kila Jumapili ananipigia kuuliza matokeo. Nimemwambia hayajatoka, na kwamba nimebaki chuoni kwa ajili ya mafunzo ya vitendo. Wiki hii amenitumia shilingi 30,000 za chakula cha hayo mafunzo.

Kaka mmoja wa mwaka wa tatu anauza desa kwa shilingi 50,000. Anasema ni maswali yanayorudi kila mwaka, na baadhi anaapa kwamba ndiyo yatakayotoka kwenye sapu. Wenzangu 3 wamekwisha kununua. Rafiki yangu wa chumbani yeye anasema nisijitese, niombe kuhamia kozi nyepesi, kwa mfano afya ya jamii. Na mimi usiku ninawaza kwamba huenda sina kichwa cha udaktari, na kwamba ni afadhali nijue sasa kuliko mama aendelee kukopa.

Nifanye nini, Mama?

Mwenye Sapu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya kustaafu nilifundisha wauguzi kwa miaka 18, na nilipofika pale ulipoulizwa “kwa nini” kwa mara ya tatu ilibidi niiweke barua yako mezani kwanza, kwa sababu kiti alichokalia mwalimu yule nimekikalia mara nyingi. Nikuibie siri moja ya upande ule wa meza: mwanafunzi anayeonekana hana kitu kabisa haulizwi mara tatu. Huulizwa mara moja, huandikiwa alama yake, na huitwa anayefuata.

Katika barua yako ninaona mambo matatu uliyoyafunga furushi moja. Ipo sapu yenyewe, ambayo ni mtihani wa somo moja wenye tarehe yake. Upo uongo wa kila Jumapili. Na ipo hukumu unayojisomea usiku, kwamba huna kichwa cha udaktari. Sapu ingeweza kuwapo bila hayo mawili mengine, na kwa wanafunzi wengi huwa hivyo, kwa hiyo ninaomba tulifungue furushi polepole.

Nianze na hiyo hukumu, maana sioni ushahidi wake. Ulichonieleza ni kwamba njia moja ya kusoma, iliyokupa daraja la kwanza, imefika kwenye somo ambalo njia hiyo hailiwezi. Shule zetu huilipa vizuri njia hiyo kwa miaka 13, kisha chuo humtaka mwanafunzi aiache ndani ya muhula mmoja, mara nyingi bila mtu kumwambia kwamba anatakiwa kuiacha. Ukiyajua majina ya barabara zote za Dar es Salaam umefaulu anatomia. Fiziolojia inakuuliza jambo jingine: askari akiyazuia magari Ubungo saa 12 jioni, Mwenge kutakuwaje baada ya nusu saa, na akiyaachia, ni nani atakayeumia? Majina bado unayahitaji, ila swali sasa ni la kipi kinasukuma kipi, na mara nyingi vitu vinne vinasukumana kwa wakati mmoja, na cha mwisho kinarudi kukizuia cha kwanza.

Chukua hizo lita 180 zako. Je, namba hiyo imewahi kukushtua? Mtu mzima ana damu ya takribani lita 5, na maji yake, yaani plazima, ni kama lita 3 tu. Maana yake ni kwamba figo huyachuja maji yaleyale karibu mara 60 kwa siku, na mtu anakojoa lita 1 na nusu. Zaidi ya lita 178 zimekwenda wapi? Mwanafunzi aliyeshtuka hapo amekwisha kuianza sura nzima ya figo bila kufungua kitabu, kwa sababu sasa anatafuta njia ambazo maji yale hurudi kwenye damu, na kila jina atakalolikuta litakuwa jibu la swali lake mwenyewe. William Harvey, daktari wa Kiingereza, alifanya hesabu ya namna hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628: alikadiria damu inayotoka kwenye moyo kwa kila pigo, akazidisha, akaona kwamba kwa muda mfupi tu inazidi damu yote ambayo mwili unaweza kuwa nayo au chakula kinaweza kuitengeneza. Kwa hiyo ni lazima iwe ileile inayozunguka. Vitabu alivyosomeshwa vilisema vinginevyo, naye alikuwa amevisoma vizuri sana.

Sasa niingie kwenye Kiswahili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani umejinyang’anya mwenyewe chombo chako.

Umeandika kwamba mama yako hushika mkono wa mzazi kabla ya kufunga mashine ya presha, ukaipita habari hiyo kama jambo la kando. Mwanangu, hilo ndilo lilikuwa jibu lako la mtihani. Mzazi akipoteza damu, mishipa mikubwa ya shingoni na ile inayotoka kwenye moyo hutanuka pungufu kuliko kawaida. Kwenye kuta zake kuna vipokezi vinavyohisi kutanuka huko, na vikihisi kumepungua hata kidogo, hupunguza ishara vinazopeleka kwenye shina la ubongo. Ubongo huuchukulia ukimya huo kuwa hatari, nao huuamsha mfumo wa simpathetiki, yaani neva zinazouandaa mwili kujitetea: moyo unaambiwa upige haraka na kwa nguvu zaidi, na mishipa midogo ya ngozi inaambiwa ijikaze ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ngozi iliyonyimwa damu hupoa. Mkono unakuwa baridi, mara nyingine na jasho, huku mapigo yakikimbia, na kwa sababu mwili unajitetea hivyo, namba kwenye mashine ya presha inaweza kuendelea kuonekana nzuri kwa muda. Ndiyo maana mama yako anasema mkono hauna uongo.

Soma tena aya hiyo. Haina fasili hata moja, na kila sentensi inaitikia “kwa nini” ya sentensi iliyotangulia. Mwalimu wako alikuwa anangoja hatua mbili au tatu za mnyororo huo, kwa Kiingereza chochote kile, hata kilichochechemea.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina mitego. Neno letu “mshipa” hubeba mshipa wa damu, wakati mwingine neva, na mtaani hata ugonjwa wa korodani, kwa hiyo ukijieleza jambo la neva huku unawaza “mshipa” utapotea bila kujua ulipopotelea. “Presha” kwa wagonjwa wako ni jina la ugonjwa, wakati darasani ni kipimo ambacho kila aliye hai anacho. “Kupumua” kwetu ni kifua kupanda na kushuka, ilhali mwalimu anapotaja upumuaji wa seli hazungumzii kifua hata kidogo. Tena mtihani utabaki kuwa wa Kiingereza, na mwanafunzi anayeelewa kwa Kiswahili tu anaweza kukaa mbele ya karatasi akiwa na jibu zima kichwani na asiwe na sentensi ya kulitoa. Wanafunzi wangu waliovuka walikuwa na tabia ya kusimulia kwanza kwa sauti, kwa Kiswahili, kama mtu anayesimulia ajali aliyoiona, kisha papo hapo wakaiandika simulizi ileile kwa Kiingereza kifupi, kila hatua kwenye mstari wake, na kati ya mstari na mstari neno la kuonyesha sababu. Waliofanya upande mmoja tu hawakufika mbali, uwe upande gani.

Wiki 7 hazitoshi kwa slaidi zote za mwaka, na ukijaribu utarudi kwenye kalamu za rangi 4. Zinaweza kutosha kwa minyororo michache inayojirudia kila mahali: presha, figo na maji ya mwili, hewa na damu, ujumbe wa neva, sukari na homoni zake. Kwa kila mmoja jaribu kutabiri kabla ya kusoma. Mpime mwenzako mapigo akiwa amelala, kisha akisimama, lakini kabla hajasimama andika kwanza kwenye karatasi kwamba yatapanda au yatashuka na kwa nini. Ukikosea ndipo ufungue kitabu. Nimeona watu wakikumbuka kosa lao la namna hiyo miaka 10 baadaye, na sijaona aliyekumbuka slaidi.

Na yule mwalimu aliyekuuliza mara tatu, je, umefikiria kumrudia? Si kumwomba alama. Nenda na ukurasa mmoja wenye mnyororo wa yule majeruhi aliyepoteza damu, umwoneshe ni hatua ipi iliyokatika. Anaweza kuwa na shughuli, anaweza kukujibu kwa mkato, wako walimu wa hivyo na huenda ukaona aibu upya. Ila kumbuka kwamba alikwisha kukuonesha uso wake wa upole.

Kuhusu desa, tutenganishe vitu viwili ambavyo kaka huyo ameviweka kwenye bei moja. Mitihani ya miaka iliyopita ni kitu halali katika vyuo vingi, na mara nyingi hupatikana maktaba au idarani, hivyo ulizia kwanza kabla ya kutoa shilingi 50,000 ambazo tunajua zinatoka wapi. Hayo anayoapa kwamba yatatoka kwenye sapu ni habari nyingine. Yakiwa uongo, utakuwa umezitumia wiki 7 kukariri majibu ya maswali ambayo hayatakuja. Yakiwa kweli, basi umenunua mtihani ulioibwa, na chuo kikigundua, adhabu yake ni kubwa kuliko sapu. Kuna uwezekano wa tatu ambao wanafunzi hawapendi kuufikiria, nao ni kwamba yafanye kazi kimyakimya. Mwakani kuna patholojia na elimu ya dawa, na zote mbili hujengwa juu ya fiziolojia hiyohiyo: huwezi kueleza kwa nini dawa ya kuongeza mkojo inashusha presha kama zile lita 178 hazikuwahi kukusumbua. Wenzako 3 waliokwisha kununua, sijui wamenunua nini hasa, na siwahukumu. Hofu ya usiku ninaifahamu.

Kuhama kozi ni jambo la heshima mtu akihama kwenda kitu anachokitaka. Swali langu kwako ni dogo: afya ya jamii ulikuwa ukiipenda kabla ya matokeo kutoka, au imekuja kwenye mazungumzo kwa sababu tu rafiki yako ameiita nyepesi? Sina hakika kama waliomo wanaiona nyepesi. Na ukifikiria uuguzi, famasia au maabara, fiziolojia utaikuta mlangoni inakusubiri. Iwapo moyo wako kweli umehama, uhamisho una muda na taratibu zake, na mkopo nao una masharti yake, kwa hiyo nenda ofisi ya udahili na uwaulize Bodi kabla hujaandika barua yoyote. Kubaki nako kuna hatari: unaweza kujitahidi kwa wiki zote 7 na sapu ikakushinda. Uijue mapema kanuni ya chuo chako inasemaje hapo, kwa maandishi, kwa sababu wewe umeandika “nitarudia mwaka au nitaondolewa” na hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Usiku ukizidi, ukaona usingizi na chakula vimekukimbia, mlezi wa wanafunzi yupo kwa ajili hiyo, na kwenda kwake si kushtakiwa.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu hapo sina ujuzi zaidi yako. Unamjua wewe. Unaogopa kwamba ukimwambia ataumia, na ataumia kweli, angalau kwa jioni moja. Lakini angalia unachokilinda: uongo huu haukai ukishasemwa, kila Jumapili unadai mwingine, na wiki hii umeanza kupokea pesa. Kijijini habari hufika kwa njia zake, na ikimfikia kupitia mtoto wa jirani anayesoma chuo hichohicho, sapu itakuwa jambo dogo kati yenu. Kwa upande mwingine, si kila ukweli unafaa kusemwa kwa simu, wakati mtu yuko zamu na wagonjwa wanamngoja barazani. Unaweza kuona ni bora uende Singida siku mbili, au umwambie baada ya kuwa na mpango wa wiki 7 mkononi. Umeniandikia kwamba mama hukopa ili wewe uwe daktari. Huenda ni kweli. Huenda pia anakopa kwa sababu ni wewe, na hilo hatuwezi kulijua mimi na wewe bila yeye kuwapo kwenye mazungumzo.

Kama hayo yote ni mazito kwa Jumapili hii, yapo maswali mengine unayoweza kumuuliza, ambayo hayahitaji ujasiri. Muulize ule mkono huanza kupoa wapi, kwenye vidole au kwenye kiganja. Muulize ni mara ngapi ameukuta wa baridi wakati presha ilikuwa nzuri, na alifanya nini baada ya hapo. Kaa na karatasi, andika anavyosema, kwa Kiswahili chake, kisha uweke sababu kati ya mstari na mstari. Nami niandikie alivyokujibu, maana miaka 18 niliyofundisha sikuwahi kumuuliza mkunga yeyote swali la vidole na kiganja.